Muzee Aliyepindisha Mfereji

Juu ya mlango wake paliandikwa kwa rangi nyeusi: Bureau des Marchés. Kwa Kifaransa cha serikali, marchés ni mikataba. Mji unataka ngazi, daraja au bomba la maji, unatafuta mjenzi, wanaandikiana. Lakini Bukavu kila mtu anajua marché ni soko, kwa hiyo haikupita wiki bila maman mmoja kupanda kutoka Kadutu na kuja kuuliza ni nani aliyempa jirani meza yake ya nyanya. Mkuu mwingine angemfukuza. Yeye alimvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Na pale kwenu sokoni, maji ya mvua inapitaka wapi?" Maman alieleza, naye aliandika. Daftari zima la mitaro ya Kadutu lilijaa hivyo, kwa maneno ya wauza nyanya waliokosea mlango.

Sisi wa ofisini tulimwita Papa. Mjini walimwita Muzee wa Marchés. Mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Nilifika kwenye ofisi hiyo ya mji mwaka mmoja kabla ya vita ya kwanza, nikiwa bado msichana, lakini tangu siku ya kwanza aliniita maman secrétaire, kwa sauti ileile aliyomwitia meya.

Alikuwa na mwavuli mweusi alioutia alama kutoka ncha mpaka mpini, alama moja kila sentimita kumi. Sikumwona hata siku moja akiufungua. Mvua ikianza kunyesha, watu wote wa ofisi walikimbilia ndani, yeye alitoka nje na mwavuli wake umefungwa kama fimbo, akateremka barabarani kuangalia maji yanakwenda wapi. Aliuchomeka kwenye mtaro, akasoma kina, akarudi amelowa mpaka kwenye soksi. "Maji haisome plan yetu," alikuwa akisema, huku anakamua suruali. "Njo sisi tunapashwa kusoma maji."

Mtu wa namna hiyo ungedhani nyumba yake ilikuwa kama kioo. Nilifika kwake mara moja, kwenye msiba wa mkwe wake. Ua wote ulikuwa umekatwa na maji, na mlangoni ulivuka juu ya ubao uliolegea. Mke wake alituonyesha ubao huo kwa kidole. Papa naye akauangalia kama vile hajawahi kuuona, akasema ataufikiria. Ubao ule uliendelea kulegea miaka yote niliyomfahamu.

Kwenye karatasi hakuwa na huruma. Barua yenye kosa moja la mashine niliipiga upya, hata siku ambazo risasi zilisikika upande wa chini wa mji. Aliogopa mbwa kuliko askari. Kanisani alikaa karibu na mlango, na kila baada ya misa alimngoja padri ili amkumbushe kwamba maji ya paa la kanisa yanaangukia ukuta wa jirani. Padri yule alizoea kutokea mlango wa nyuma.

Jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kuwauliza watu wanataka nini. Wakuu wa zamani walichora mipango mezani, wakaipeleka kwenye avenue, yaani mtaani, na wenyeji wakaiona siku ambayo majembe yalifika. Yeye alikwenda na mabakuli. Alikaa kwenye kiti cha kuazima katikati ya avenue, akapanga mabakuli chini, akaeleza kila bakuli ni la kazi gani: hili la ngazi, hili la bomba, hili la mfereji. Kila mwenye nyumba alipewa punje moja ya haragi, maharage, akaitia anakotaka. Walicheka mwanzoni. Kisha wakaanza kubishana, na hapo ndipo alipofurahi, akakaa kimya na kusikiliza, mdomo umefunguka kidogo.

Halafu ilikuja siku ya kufungua bahasha. Wajenzi walioandikishwa walileta bahasha zilizofungwa, bei zao ndani, na saa nne ya asubuhi, ndani ya salle, ukumbi mkubwa wa mji, Papa aliita jina la kila mmoja mara tatu. Mtu alijibu "présent", bahasha ikafunguliwa mbele ya wote, mimi nikaandika. Asiyejibu mara tatu niliandika "absent". Kabla ya vita watu walijaa mpaka kwenye korido.

Vita ya kwanza ilipita, ya pili ikafuata. Wenye bunduki walioshika mji waliweka wakubwa wao, na wajenzi wakatawanyika. Wengine walivuka mpaka, wengine walikufa, wengine walikwenda Shabunda kuchimba dhahabu na habari zao zikakatika. Lakini siku ya bahasha ilipofika, Papa alivaa koti lake la kijivu, akachukua orodha ileile, akaniambia nimfuate.

Salle ilikuwa tupu. Kioo cha dirisha moja kilikuwa kimevunjika na upepo wa ziwa uliingia, ukasukuma mlango, ukauacha. Viti vilikuwa vimepangwa kama zamani. Papa alisimama mbele, akaita jina la kwanza. Akangoja, macho yake mlangoni. Akaita tena. Akangoja. Akaita mara ya tatu.

"Andika: absent," akasema.

Akaenda jina la pili. Huyo nilijua amekufa. Nilikuwa kwenye mazishi yake, na Papa alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Alimuita mara tatu, kwa heshima, kama mtu anayemuamsha mgonjwa.

"Papa, hakuna mutu," nikamwambia. "Tunaita nani?"

"Tunaita benye kuandikishwa," akajibu. "Kama mutu haiko, ni yeye atatupatia sababu. Sisi kazi yetu ni kuita."

Tulifanya hivyo kila mwezi. Nilianza kuota yale majina. Nilikuwa nikikaa nimeupa mlango mgongo, na kila baada ya jina, katika ule ukimya wa kungoja, shingo yangu ilisisimka, kwa sababu uso wa Papa ulikuwa uso wa mtu anayeona wanaingia.

Siku moja, alipoita jina la fundi mmoja wa mawe wa Kadutu kwa mara ya pili, sauti ilijibu nyuma yangu, "Présent."

Niligeuka haraka. Papa hakutikisika. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu aliyevaa koti la mwanamume, mikono ya koti imekunjwa, na bahasha kifuani. Tulimfahamu baadaye kwa jina la Maman Nsimire.

"Hiyo jina ni yako, maman?" Papa akamuuliza.

"Ni ya bwana yangu."

"Bwana yako iko wapi?"

"Alienda Shabunda, mbele ya vita ya pili ianze."

"Iko muzima?"

Alifikiri kidogo. "Hawajaniletea mwili," akasema. "Hawajaniletea barua."

Papa akafungua kitabu cha kanuni, akageuza kurasa kwa muda mrefu. Kisha akakifunga. "Règlement inasema mujenzi akikufa, marché inakufa naye," akasema. "Juu ya mutu mwenye hatuyui, haiseme kitu." Akanigeukia. "Andika: présent, kwa kinywa cha bibi yake."

Hivyo ndivyo Maman Nsimire alivyopata kazi ya ngazi za mawe zinazopanda kutoka sokoni Kadutu. Alikuja na wafanyakazi watatu wa mume wake. Watu wa juu ya kilima, waliposikia nyundo asubuhi ya kwanza, walitoka nje ya nyumba zao na kusimama. Yule fundi alikuwa na namna yake ya kugonga jiwe: mara mbili haraka, kimya, kisha mara moja. Ndivyo ilivyosikika. Wazee walishuka kuja kumsalimia, wakakuta vijana watatu aliowafundisha, wanagonga kama yeye, na mke wake juu ya rundo la mchanga. Wengine walirudi juu. Mmoja alifanya alama ya msalaba.

Papa hakumuonea huruma kwenye kazi. Alipima kila ngazi kwa ule mwavuli, na zile zilizopungua alimwambia azivunje. Maman Nsimire alizivunja, akazijenga upya. Siku ya kupokea kazi, Papa alizipanda zote polepole, akashuka, akamshika mkono. "Mwambie bwana yako kazi iko bien," akasema. Yeye akajibu atamwambia.

Sasa nieleze habari ya mfereji.

Karibu na kwa Maman Nsimire palikuwa na avenue ambayo kila mvua kubwa ilipoteza nyumba. Maji yalishuka kutoka juu kama mtu anayekimbizwa. Papa alichora njia tatu za mfereji: ya juu, ya katikati na ya chini. Ya katikati ilikuwa fupi, na mteremko wake ulikuwa mzuri. Ilipita kwenye kiwanja kitupu chenye majani, kiwanja kizuri cha kutosha nyumba nne, jambo ambalo Kadutu ni la ajabu, maana kule watu wanajenga hata mahali ambapo mbuzi anateleza.

Tuliweka mabakuli matatu. Mwenye nyumba mmoja mmoja alikuja, akainama, akatia punje yake, akaondoka. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyebishana. Walipomaliza, bakuli la juu lilikuwa na punje nyingi, la chini punje chache. La katikati lilikuwa tupu. Hata punje moja haikuwamo.

"Batu yangu," Papa akasema, "ile njia ya katikati njo nzuri. Ju ya nini mutu hata mumoja haitaki?"

"Ile fasi, hapana," akasema mzee mmoja. "Maji isipite pale."

"Ni ya nani ile parcelle?"

"Haiko ya mutu."

Papa akaniambia nichukue mkanda wa kupimia, tukaenda wenyewe. Ilikuwa saa sita, jua kali. Mbuzi walifungwa pande zote za kile kiwanja, lakini ndani hapakuwa na hata mmoja, na majani yalikuwa marefu. Wanawake wawili waliokuwa wakija wanaongea kwa sauti walinyamaza walipofika pembeni yake, wakapita, kisha wakaanza tena kuongea kule mbele. Papa aliwatazama. Akasukuma mwavuli wake ardhini. Hatua mbili kutoka njiani uligoma. Alipoingia ndani zaidi, uliingia mpaka alama ya tano bila nguvu. Akauchomoa, akajaribu kando. Ukagoma. Akarudi. Ukaingia.

Aliinama, akatenganisha majani kwa mikono. Udongo ulikuwa umebonyea, umbo refu na jembamba. Kando yake lingine. Nilishika ncha ya mkanda, yeye akashika nyingine, tukapima, akaandika. Hakusema tunapima nini. Tulipofika la tatu alivua kofia yake, na kuanzia hapo tulipima yeye akiwa kichwa wazi.

Yalikuwa saba.

Tukiwa barabarani ndipo aliponiambia. "Udongo yenye haiyaguswa, inakaaka fasi yake. Udongo yenye walichimba na kurudisha, mvua mbili tatu, inazama. Ukiona fasi inazama, ujue kuko kitu iko chini yake, kinapunguka."

Jioni ile Maman Nsimire alimaliza maelezo, amesimama kwenye mlango wake. Siku za kwanza za vita, gari lilileta watu waliouawa sehemu nyingine ya mji. Wanaume wa avenue waliamriwa kuchimba. Walikatazwa kutazama nyuso, walikatazwa kuweka msalaba, walikatazwa kuuliza. "Tulishikaka tu nguo na macho," akasema. "Mukanda. Kiatu. Mutu akitafuta ndugu yake hapa, tunamwambia: tuliona kiatu ya namna hii. Ni hiyo tu tunaweza."

Papa alirudi ofisini, akafuta njia ya katikati kwenye plan. Akachora ya juu, ndefu, na pale karibu na kiwanja akaipindisha kama kiwiko. Plan ya serikali inadai sababu ya kupinda. Aliandika: mwamba mgumu. Huko hapana mwamba, kuna udongo mwekundu mpaka chini. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, huo ndio uongo pekee niliompigia chapa.

Labda habari ingeishia hapo. Lakini wakubwa wapya nao walikuwa wamekiona kile kiwanja. Asubuhi moja alikuja komanda mmoja aliyesimamia mambo ya ujenzi kwa upande wao, mtu mpole wa sauti, mwenye marashi. Aliweka mezani mkataba uliokwisha kuandikwa. Kiwanja kizima kitiwe mawe na beton, zege, pawe parking ya magari. Mjenzi asitafutwe kwa bahasha. Papa achague mmoja, waandikiane, waanze wiki hiyohiyo. Hiyo inaitwa gré à gré, makubaliano ya wawili.

"Gré ya nani na gré ya nani?" Papa akauliza.

Komanda akatabasamu. "Muzee, wewe weka signature."

"Mon commandant, munasemaka nyinyi ni serikali," Papa akasema taratibu. "Wageni wa ngambo wanakuja hapa, wanaomba kuona dossier. Serikali inatia avis kwa ukuta, inaita bajenzi, inafungua bahasha mbele ya batu. Kama munataka parking iwe ya serikali, munipatie siku kumi na tano."

Komanda alimtazama kwa muda. Nadhani alichoona ni mzee anayependa karatasi. "Fanya karatasi yako," akasema.

Papa alifunga mlango, akaniambia nitie karatasi na kaboni nne. Akaanza kunisomea tangazo, la kawaida kabisa: mji unawaita wajenzi, kazi ni hii, mahali ni hapa. Kisha akafika kwenye kipengele cha hali ya eneo, kile ambacho mjenzi husoma ili ajue anajenga juu ya nini. Akafungua daftari lake.

"Eneo lina sehemu saba zilizozama," akasoma. "Ya kwanza: urefu mita moja na sentimita themanini, upana sentimita sitini. Ya pili: mita moja na sentimita sabini na tano, kwa sitini. Ya tatu: mita moja na sentimita themanini, kwa sitini. Ya nne: mita moja na sentimita kumi, kwa arobaini."

Vidole vyangu vilisimama.

"Papa, hii ya nne," nikasema.

"Uiandike vile nilipima."

Niliiandika. Tulibandika tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya mji, sokoni Kadutu, na kwenye mlango wa kanisa. Lilikuwa na muhuri, namba na sahihi, halikuwa na neno hata moja ambalo mtu angemshtaki nalo. Nilikwenda kulitazama sokoni siku ya pili. Watu walisimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya orodha ya mitihani. Hakuna aliyesoma kwa sauti. Mama mmoja alikuwa akifuata mistari kwa kidole, akafika kwenye ile ya nne, kidole kikabaki pale. Watu walio nyuma yake walingoja. Hakuna aliyemwambia asogee.

Siku ya bahasha ilipofika, salle ilijaa. Sikuwa nimeiona imejaa tangu vita. Watu wa ile avenue walikuwepo, wauzaji wa soko walikuwepo, na wajenzi niliowaandikia "absent" miezi mingi walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbele, wamevaa vizuri. Komanda alikaa pembeni, miguu amekunja, amefurahi kuona watu wengi. Juu ya meza ya bahasha hapakuwa na kitu.

Papa aliita jina la kwanza.

Mtu mnene mwenye miwani alisimama. Alikuwa ni yeye, nilimjua. "Absent," akasema, akakaa.

Papa akaita mara ya pili. Yule mtu akasimama tena. "Absent." Na mara ya tatu.

"Andika," Papa akaniambia.

Jina la pili, la yule marehemu, halikujibiwa; kwa lililofuata, mtu mwingine alisimama. "Absent." Na mwingine. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, watu wazima wenye pumzi, wanasimama katika mwanga wa saa nne na kusema hawapo. Sauti zao hazikuwa na hasira. Nilihisi kama salle ile imegeuzwa, kwamba sisi tulio hai ndio tulio upande wa pili, na wafu wamekaa mahali wanatusikiliza.

"Huyu si ni wewe?" komanda akamuuliza mmoja.

"Absent, mon commandant," yule akajibu, akakaa.

Papa akafika kwenye jina la yule fundi wa mawe. Aliliita kwa sauti ndogo kuliko mengine. Maman Nsimire alikuwa safu ya tatu, amevaa lile koti. Hakusimama. Papa akaita mara ya pili. Hakusimama. Kwa mara ya tatu aliinuka, akashika kiti kilicho mbele yake.

"Absent," akasema.

Mwanamke wa jirani yake akamshika kiuno. Maman Nsimire alikaa, akavua koti, akalikunja vizuri juu ya magoti yake. Baadaye aliniambia ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutoka mdomoni mwake, na kwamba hakulipanga. Wiki iliyofuata aliweka matanga.

Papa alifunga orodha. "Hakuna mujenzi mwenye alijitokeza," akasema. "Marché haina mutu. Séance imefungwa."

Askari wa komanda walikuja kumchukua mchana uleule. Aliniachia funguo na kuniambia nisisahau kumkumbusha padri habari ya paa. Alikaa huko siku nne. Alirudi akitembea polepole, bila mwavuli, na hakueleza kitu, wala mimi sikuuliza. Lakini kuanzia hapo hakuingia tena kwenye chumba moja kwa moja. Alisimama kwenye mlango, hata wa ofisi yake mwenyewe, akauliza, "Uko?" Nikijibu, "Niko, Papa," ndipo aliingia. Kama nimetoka kidogo, nilimkuta kwenye korido, amesimama anangoja.

Parking haikujengwa pale. Tangazo lilikuwa limesomwa na watu wengi mno, na wageni walikuwa wameanza kuuliza lile eneo lina nini. Komanda alihamishwa, magari yao yakapata mahali pengine. Mfereji ulijengwa kwenye njia ya juu, na kiwiko chake, na unafanya kazi mpaka leo. Papa aliusimamia mpaka jiwe la mwisho. Kisha asubuhi moja hakuja. Nyumba yake ilikuwa imefungwa, mke wake hakuonekana, na haikupita muda mrefu mji ukasema amekufa. Mwaka wa kwanza sikuamini. Mwaka wa pili nilimuombea misa.

Nilimkuta kijijini Mumosho, vita ilipokuwa imeanza kwisha. Nilikuwa nimepeleka magodoro kwa dada yangu aliyejifungua. Tulishuka njia ya kwenda kisimani, na pale chini alikuwa mzee amepiga magoti kwenye matope, anapanga mawe kuzunguka chemchemi. Wanawake wenye vidumu walisimama wakimngoja amalize. Nilimjua kwa mgongo.

Nilisimama. Sikuweza kuita. Mtu uliyemuombea misa, kumwita kwa sauti ni kazi ngumu.

Aligeuka mwenyewe. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa na ukungu. "Maman secrétaire," akasema. "Usisimame pale, udongo ni mbaya."

Tulikaa juu ya jiwe. Alisema wenye bunduki walimuonya kwamba asipoondoka mwenyewe ataondolewa, ndiyo maana alikuja huku kwa ndugu za mke wake. Mke wake alikuwa mzima, shambani. Nilimpa habari za mji, naye alikuwa akiitikia kidogo tu, mpaka nilipofika kwenye kile kiwanja.

"Walibafukua mwezi uliopita," nikamwambia. "Padri alikuwako. Familia zilikuya, hata zenye zilikuwa ngambo. Walitambua kwa nguo, kwa rozari, mukanda. Ile ya nne, mama yake alimujua kwa viatu. Walibazika vizuri, na misalaba, na majina."

"Bote saba?"

"Sita, Papa. Mumoja hakukuwa mutu wa kumudai. Ni mwanaume, mutu muzima, hakuwa na kitu mfukoni. Padri aliuliza misa tatu mufululizo. Msalaba wake iko tu mbao, tunangoya."

Mwanamke mmoja alijaribu maji, yakatoka safi, akaanza kujaza kidumu chake. Papa aliangalia yale maji yakiingia, mpaka kidumu kikajaa na mwingine akaweka chake.

"Mumuandike yangu," akasema.

Sikuelewa. "Yako nini, Papa?"

"Jina. Kule mjini wanasema nilikufa, si vile? Basi iko bure, hakuna mwenye anaitumikisha. Huku wananiita Papa tu, inanitosha." Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Uandike yote, na ya ubatizo. Usiikate."

Nilimwambia padri. Alikaa nayo siku nyingi, kisha akakubali, kwa sharti kwamba tusieleze watu. Nilipaka herufi mwenyewe, kwa rangi nyeusi, bila kukata kitu. Kila mwezi wa wafu mtu mmoja au wawili wa mji hupita pale, husoma, na husema huyu alikuwa Muzee wa Marchés. Huweka maua, huinamisha kichwa, huendelea. Siwasahihishi. Papa aliishi miaka mingine huko Mumosho, na alipokufa kweli walimzika karibu na chemchemi, wakaandika kile walichomwita. Jina lake lina mtu mwingine sasa, na ndiyo sababu hamkulisoma hapa.